Hazel Pascoe na Kichwa cha Maji

Mpima ardhi aliyekipa jina kijito cha Hargan alipita hapo juma moja tu maishani mwake, na juma hilo kilikuwa kimejaa pomoni. Akakiandika kwenye ramani "Kijito Kisichokauka," akapanda farasi wake, akaenda zake, na tangu hapo hakuna aliyebahatika kukutana naye amuulize vizuri. Kisichokauka hukaa kikavu miaka mitano, kumi, hata ishirini. Kinaanzia kwenye vilima vya mawe kule kaskazini, kinajikokota kilomita mia mbili na ushee, kinapita ranchi ya Tin Kettle, kinapita ranchi ya Dalry, kinapita nyuma ya nyumba kumi na moja za Hargan, kisha kinakwenda kuishia kwenye ziwa la chumvi ambalo nalo halina maji. Siku za kawaida ni njia pana ya mchanga mweupe yenye mikaratusi kando. Mbwa hulala humo. Mwaka wa 1961 kriketi ilichezwa humo, mpira ukapotea, na wazee wawili hawakusemeshana mpaka walipokufa.

Kando ya kijito hiki ndiko alikozaliwa Hazel. Babu yake, mzee Sardar, alikuja na ngamia kutoka Peshawar enzi ambazo mizigo yote ya jangwa lile ilibebwa mgongoni mwa ngamia. Alikuwa mtu wa sala tano asiyekosa hata moja, na kwa kuwa kijito ndicho hicho, akatayamamu kwa mchanga wake miaka kumi na tisa. Siku kiliposhuka mbele ya macho yake kwa mara ya kwanza alitia udhu mpaka kiunoni, akasali rakaa mbili za shukurani, kisha akaenda kuwatafuta ngamia wake wawili waliosombwa.

Sasa Hargan wana sheria yao, na haiandikwi popote kwa sababu hakuna asiyeijua. Mtu ni mgeni mpaka akione kichwa cha maji. Kuyaona maji yakiwa yamejaa ni kazi ya kila mtu, hata watalii huyaona. Sharti uwe umesimama kwenye mchanga mkavu pale kivukoni, barabara inapokatiza kijito, uone kile kichwa chenyewe kikija, cha kwanza kabisa, kabla mguu wa kitu chochote haujalowa. Ukishakiona unakwenda hotelini kwa Les Ottaway, unapewa kipande cha mkaa, unaandika jina lako na mwaka kwenye ukuta ulio nyuma ya kaunta. Kuanzia hapo wewe ni mwenyeji, unaruhusiwa kulalamika juu ya wageni.

Hazel alikuwa na miaka sitini na minane na hakuwa amekiona hata mara moja. Kwa sheria za Hargan, basi, mjukuu wa mzee Sardar alikuwa mgeni, na hawakumwacha asahau.

"Mgeni, upo?" Enid Tarpey alikuwa akibisha hodi hivyo kila asubuhi.

"Nipo, mwenyeji. Ingia, usinivunjie mlango."

Enid alisoma naye darasa moja. Ni mtu wa kabila la Waarabana, wenye nchi hiyo tangu kale, kwa hiyo akimwita mtu mgeni hakuna wa kubishana naye. Jina lake halikuwa ukutani. Utotoni mwao watu wa kwao hawakuruhusiwa kukanyaga hotelini, na waliporuhusiwa, Enid aliingia, akautazama ukuta ule kutoka juu mpaka chini, akasema kijito kinamjua vizuri, hakina haja ya mkaa. Akaagiza soda, akanywa, akatoka.

Kilichomponza Hazel ni kazi. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja, na posta ndiyo iliyokuwa na simu ya kutegemewa. Mvua ikinyesha kule vilimani, Hargan jua kali, watu wa Tin Kettle humpigia Hazel: yamepita kwetu. Hazel huwapigia Dalry. Dalry humpigia Hazel: yamepita kwetu. Hazel huwatangazia Hargan yote, kila mtu anabeba kiti chake kwenda kivukoni, na Hazel anabaki na simu sikioni, kwa sababu wa chini nao wana ng'ombe wa kuhamisha. Mwaka wa 1984 alikuwa akimwambia mtu wa ranchi ya chini, "Bado, baba, hayajafika hapa, nitakujulisha," na maji yakawa yanapita nyuma ya dirisha lake wakati huohuo. Mwaka wa 1989 aliiacha simu ikilia, akaenda kivukoni na kiti, akakaa siku nzima na nusu, halafu akakumbuka ameacha chapati kwenye chuma. Alikimbia, akaitoa chapati, akarudi. Dakika saba. Akakuta maji yameshavuka kivuko na mumewe Vern amesimama kando yake akitikisa kichwa.

"Hazel mpenzi, ungeusikia huo mngurumo! Kama treni ya mizigo!"

Vern Pascoe alikuwa fundi wa reli mpaka reli ilipong'olewa, kwa hiyo kwake kila kitu kikubwa kilinguruma kama treni ya mizigo. Jina lake lilikuwa ukutani mara tatu: 1974, 1984, 1989. Pembeni ya lile la kwanza aliacha nafasi ya upana wa kiganja, akamwambia Les asiruhusu mtu kuandika hapo, ni pa Hazel. Les aliilinda nafasi ile kama mboni ya jicho, hata alipofariki Vern.

Ila huo mwaka wa 1974 ulikuwa mfupa kooni mwa Hazel. Februari ile alikuwa na mimba ya kwanza. Vern alimpeleka hospitali Port Augusta, mwendo wa saa saba garini, uchungu ukaanza pole pole, na ndipo habari ikafika kwamba maji yamepita Dalry. Vern akamshika mkono, akasema mtoto wa kwanza huchelewa, hata mama yake alisema hivyo, yeye atakwenda mara moja tu na kurudi. Akaondoka. Glenys akazaliwa saa mbili baadaye. Baba mtu alirudi siku ya tano, kwa kuwa njia zilikuwa zimekatika, ana matope mpaka nyusi, na maneno yake ya kwanza yalikuwa juu ya mngurumo.

Waliishi vizuri, hao wawili, tusiseme uongo. Lakini ugomvi wowote ndani ya nyumba ile, hata wa chumvi kuzidi kwenye mchuzi, mwishowe ulirudi 1974. "Uliniacha leba ukaenda kuangalia maji!" Vern aliinamisha macho, akatoka nje kutengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Glenys alikua akiijua kesi hiyo kama watoto wengine wanavyojua hadithi za sungura.

Sasa Glenys alikuwa na miaka arobaini na mitano, muuguzi hukohuko Port Augusta, na alikuwa amekata shauri. Mama hakai tena peke yake kilomita mia nne kutoka kwa daktari. Atakuja kumchukua Jumamosi. Hazel alikubali, kwa kuwa goti lilikuwa limekataa na moyo ulikuwa unaruka mapigo. Jambo moja tu lilimuuma, nalo ni lile la ukutani. Kuondoka Hargan akiwa bado mgeni, na nafasi pembeni ya jina la Vern ikiwa tupu, kulimwia vigumu kuliko kuiacha nyumba yenyewe. Alipokuwa akifunga vyombo kwenye magazeti alilia, kisha akajitukana kwa kulia.

Jumanne asubuhi simu ikalia. Posta ilikuwa imefungwa miaka mingi, ila watu wa ranchi hawakuacha kumpigia.

"Hazel? Tin Kettle hapa. Yamepita kwetu alfajiri. Si mengi, lakini yanatembea."

Goti likapona papo hapo. Aliwapigia Dalry kwa mara ya mwisho maishani mwake, akawapigia wa chini, akawaambia, "Mimi nimeshawaambia, na sitawaambia tena." Kisha akachomoa waya wa simu ukutani. Hakuwasha jiko siku tatu. Alikula nyama ya kopo na biskuti, hataki kusikia habari za chapati.

Alhamisi gari lililotoka Dalry likaleta neno: yamepita. Ijumaa asubuhi Hargan yote, watu ishirini na watatu, ilikuwa kivukoni na viti, na Les ameleta jiko la nyama na masanduku ya bia. Hazel alikaa mbele kabisa, kiti chake katikati ya mchanga. Hakunywa chai, asije akahitaji kwenda chooni.

"Hazel, kunywa hata maji," alisema Trev Dunstone, fundi magari.

"Nitakunywa yakifika."

Saa sita, hamna. Saa nane, hamna. Saa tisa nyama ikaisha. Saa kumi Les akasimama, akatembea hatua kumi kuelekea juu, akainama, akaushika mchanga kama daktari anayepima homa, akarudi.

"Yamekufa. Mchanga umeyanywa. Pole sana, Hazel."

"Umejuaje?"

"Miaka hamsini, mama. Ningesikia mngurumo kutoka kona ya pili."

Watu wakakunja viti. Kila mmoja alimpigapiga Hazel begani kumpa pole, jambo ambalo lilimkera kuliko yote. Wakaenda hotelini. Akabaki Hazel, na Enid aliyekuwa amelala chali chini ya mkaratusi, kofia usoni.

"Enid. Umelala?"

"Nimelala."

"Yamekufa kweli?"

Enid aliitoa kofia. "Kona ya tatu pana shimo kubwa, lile tulilokuwa tunachimba maji tukiwa wadogo. Lazima yalijaze kwanza. Kijito hakiruki shimo. Likijaa, yatakuja. Lisipojaa, ndiyo basi tena."

"Mbona hukumwambia Les?"

"Les hakuuliza. Les alisema."

Hazel akachukua fimbo yake. Enid akamtazama, akashusha pumzi, akainuka. "Ngoja twende wote. Ukivunjika nyonga, nani atanipikia mchuzi?"

"Kesho naondoka, mchuzi umekwisha."

"Basi nitakuvunja mimi hiyo nyonga, usiende popote."

Bibi wawili wakapanda kijito kwa miguu, mchanga unazama mpaka vifundoni. Walipumzika kona ya kwanza, wakagombana juu ya nani alimwangusha mwenzake kwenye tope mwaka wa 1958. Walipumzika kona ya pili, ambako hakukuwa na mngurumo wowote. Kabla ya kona ya tatu Hazel alisema mguu hauendi tena, akaketi palepale mchangani, akavua viatu. Alikuwa amechoka na amekasirika, na alitaka kumlaumu mtu, lakini aliyekuwepo ni Enid tu.

Kitu cha kwanza kuja kilikuwa siafu. Walikuwa wanapanda kwenye majani makavu, wengi, kila mmoja na haraka zake. Nyuma yao buibui, tena wakubwa, na tandu mmoja aliyepita juu ya mguu wa Hazel bila kuomba radhi.

"Enid, hawa wanakimbia nini?"

"Nyamaza utazame."

Kwenye kona kukatokea kitu cha rangi ya kahawia, chembamba, chenye upana wa mkeka. Kilikuja polepole kama chai iliyomwagika juu ya meza. Mbele yake kulikuwa na takataka zote za kilomita mia mbili: majani, vijiti, povu chafu, mavi ya ng'ombe, na kandambili moja ya bluu. Hakikuwa na sauti, isipokuwa mchanga wenyewe uliokuwa unatoa mapovu na kunong'ona tss, tss, kila ulipoguswa. Kilifika kwenye nyayo za ng'ombe, kikazijaza mojamoja, kikasubiri, kikaendelea. Kilifika kwenye vidole vya miguu vya Hazel. Kilikuwa na joto. Kikamzunguka kila upande, kama vile yeye naye ni kijiti tu, kikaenda zake.

Hazel alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanatiririka, naye hajali.

"Karibu Hargan," alisema Enid.

Walikifuata kile kichwa wakirudi, hatua kwa hatua, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa wao hasa. Kikazidi kuwa chembamba. Hatua mia moja kabla ya kivuko kikajaza unyayo mmoja wa mwisho, kikatafakari kidogo, na mchanga ukakinywa chote. Kandambili ikabaki.

Jua lilikuwa linazama walipoingia hotelini, wamelowa mpaka vifundoni. Watu wakageuka.

"Nipe mkaa, Les," alisema Hazel.

Les aliwatazama miguu, akakuna shingo. "Yalivuka kivuko?"

"Hayakuvuka. Nimeyaona mimi huko juu."

"Hazel, unajua nakupenda kama dada yangu. Lakini sheria ni kivukoni."

Wakaanza kubishana, nusu upande huu nusu upande ule, kama wabunge. Trev akapata wazo. "Tumuulize maswali! Aliyekiona kweli atajua. Haya, Hazel, mngurumo wake ulikuwaje?"

"Mngurumo gani?"

"Ule mngurumo! Ukuta wa maji! Kama treni!"

"Hakuna mngurumo, Trev. Kinakuja kimya. Siafu kwanza, halafu buibui, halafu chenyewe, chembamba hivi, kinasimama kwenye kila shimo mpaka lijae. Kilikuwa kinanong'ona." Akawaeleza yote, mpaka kandambili.

Enid akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, kisha akalazimika kushika kaunta. "Ndicho hicho! Mnamuulizia nini? Hicho ndicho, tangu enzi za bibi yangu."

"Enid!" Hazel aligeuka. "Miaka yote hii ulijua hakuna mngurumo, ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Walikuwa wanasimulia vizuri mno."

Mtu mmoja alikumbuka hajafunga kuku wake, akatoka. Trev aliangalia ndani ya glasi yake, akasema kwamba, ukimbana sana, yeye mwaka ule wa 1989 kichwa hakukiona. Aliona kiuno.

Hazel hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama ukuta. "Les," alisema. "Vern alisema treni ya mizigo."

Les akaweka kitambaa cha kufutia glasi mezani. Alikuwa mzee wa miaka themanini kasoro, na uso wote ulimwiva.

"Themanini na tisa alikuwa amelala kitini, Hazel. Themanini na nne alikuwa hapa kaunta na mimi."

"Na sabini na nne?"

"Sabini na nne alichelewa saa moja. Mimi pia nilikuwa nimelala. Nilipoamka maji yamejaa, na Vern amekaa ukingoni, ana kiatu kimoja. Aliendesha saa saba bila kusimama. Akaniambia, 'Les, nimemwacha Hazel leba, na maji yamepita.' Alilia yule mtu, Hazel. Nikamwambia, Vern, mtu akishamwacha mkewe leba kwa ajili ya maji, basi maji ameyaona. Hawezi kurudi nyumbani akasema hakuyaona. Nikampa mkaa."

Hazel alivuta kiti akakaa. Miaka arobaini na mitano alikuwa amemkasirikia mtu aliyekula raha, kumbe mtu mwenyewe alikuwa hana kitu mkononi. Aliona jinsi Vern alivyokuwa akiinamisha macho. Alitaka kucheka, na hasira ilikuwa bado ipo, na huruma ilikuwa kubwa kuliko vyote viwili.

Les akasukuma kipande cha mkaa juu ya kaunta bila kutaja sheria.

Hazel akaenda ukutani. Kwenye nafasi yake akaandika jina zima, Hazel Sardar Pascoe, na mwaka. Kisha akasogea kwenye lile jina la kwanza la Vern, na chini ya 1974 akaongeza kwa herufi ndogo za karani wa posta: Alichelewa.

Jumamosi Glenys alikuja, akapakia masanduku, akaingiza mama yake garini na kumfunga mkanda. Walikuwa wamekwenda saa nzima, mawe mekundu kushoto na mawe mekundu kulia, ndipo Hazel alipomsimulia. Glenys alipunguza mwendo, macho barabarani.

"Kwa hiyo Baba hakutuacha kwa ajili ya maji?"

"Alituacha, mwanangu," alisema Hazel. "Ila hakuyapata."

Glenys alishindwa kujizuia. Walicheka wote wawili mpaka ikabidi asimamishe gari kando ya njia, na ilipita robo saa kabla yeyote kati yao hajaweza kuendesha.